Shajara ya Mama Mbuta: kumketisha mtu wa kidijitali kwenye kigoda

Kisumu, tarehe 3 Machi

Leo nimefungua faili mpya na kuiita Mama Mbuta. Ni mwanamke wa miaka 52, muuza samaki wa Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, atakayetokea katika filamu ya vibonzo ya dakika 3 ambayo kikundi kimoja cha akina mama wa ufuoni kimeniomba nikitengenezee, ili kuwaonyesha wanachama wapya jinsi samaki anavyopaswa kuparwa, kuoshwa na kuwekwa kwenye barafu. Watu wa kidijitali nimewahi kuwaunda, lakini wote walikuwa wa kusimama au kutembea, na mtu aliyesimama humsitiri sana fundi wake. Mama Mbuta hatasimama. Kazi yake yote ataifanya akiwa ameketi kwenye kigoda cha sentimita 20, magoti yakiwa juu kuliko kiuno na beseni likiwa kati ya miguu. Kwa hiyo nimeamua tangu mwanzo kwamba nitamhukumu kwa mkao huo, si kwa ule wa mikono iliyotandazwa ambao programu humzalia kila mtu.

Umbo la awali nimelitoa kwenye MakeHuman, programu huria inayompa mtumiaji mwili mmoja ulio tayari pamoja na vitelezi vingi sana vya kuubadilisha. Miili inayotoka humo hutolewa chini ya CC0, yaani haina masharti ya hakimiliki hata kama kazi ni ya kuuzwa. Kitelezi cha umri huanzia mwaka 1 hadi 90, na katikati yake kabisa pana miaka 25. Maana yake ni kwamba nusu ya kwanza imebeba utoto na ujana peke yake, ilhali nusu ya pili imebanwa miaka 65 yote iliyobaki, hivyo ukikigusa kidogo tu mtu anazeeka mbele ya macho yako. Vipo pia vitelezi vitatu vya asili, kimoja cha Afrika, kimoja cha Asia na kimoja cha Ulaya. Bara zima kuwekwa kwenye kitelezi kimoja ni jambo la kuchekesha kwa yeyote aliyewahi kupanda matatu kutoka Busia hadi Garissa, na ndiyo sababu vitelezi vikubwa navisogeza kwa kiasi tu, kisha sura yenyewe naitafuta kwenye vile vidogo: upana wa taya, kina cha macho, urefu wa pua kutoka juu hadi chini, mwinuko wa mashavu.

Vipimo nimevichukua kwa shangazi yangu, ambaye amekuwa akiuza samaki tangu nikiwa darasa la pili na ambaye amekubali kupimwa kwa futi ya fundi cherehani kwa sharti kwamba uzito wake hautaandikwa popote. Urefu wake ni sentimita 162. Picha za uso nilizipiga kwa simu nikiwa umbali wa mita 3, kisha nikaikata sehemu ya uso baadaye, kwa kuwa simu ikisogezwa karibu huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma, na ukiiga picha ya namna hiyo utampata mtu asiyefanana na yeyote.

Tarehe 5 Machi

Mwili umehamishiwa Blender, programu ya kuunda na kuendesha vibonzo vya pande tatu, na Mama Mbuta akatokea akiwa na urefu wa mita 16.2. MakeHuman huhesabu kwa desimita na Blender kwa mita. Ningeweza kumpunguza kwa jicho na kuendelea, lakini kitambaa, mwanga unaopenya ngozini na uzito wa kuanguka vyote hukokotolewa kwa mita halisi, na kipimo kilichopunguzwa bila kuthibitishwa ndani ya wavu wa nukta unaounda mwili hubaki kikidanganya kimyakimya hadi siku ya kumvisha leso. Nimempunguza kwa 0.1, nikathibitisha kipimo, nikamsimamisha karibu na mlango wa mita 2 ili kuhakiki. Ametosha.

Tarehe 8 Machi

Nimemketisha kwa mara ya kwanza, na ameharibika kama nilivyotarajia, ila si mahali nilipotarajia. Nilidhani tatizo kubwa lingekuwa nyuma ya goti. Likawa mbele.

Nieleze kisa chake, maana nimekitafakari kwa siku tatu. Kila kipeo, yaani kila nukta ya wavu wa ngozi, hugawiwa uzito, yaani kiasi cha kufuata kila mfupa, kati ya mifupa kadhaa ya kidijitali, na jumla ya mgao huo lazima iwe 1. Kipeo kilicho juu ya goti kikiwa na 0.5 ya paja na 0.5 ya muundi, programu hutafuta mahali ambapo paja lingekipeleka na mahali ambapo muundi ungekipeleka, kisha hukiweka katikati ya sehemu hizo mbili kwa mstari ulionyooka. Goti likikunjwa kidogo, hakuna atakayeona kasoro. Likikunjwa nyuzi 120, kama la mtu wa kigodani, kipeo kilichokuwa sentimita 6 kutoka kitovu cha kiungo kinaishia sentimita 3 tu, yaani nusu ya goti imemezwa. Mguu unakuwa kama mpira wa maji uliokunjwa: hakuna pia ya goti, kuna kona tu.

Wengi hukimbilia chaguo la kuhifadhi ujazo, ambalo hukokotoa mzunguko kwa kwaternioni pacha, aina ya namba za kuelezea mizunguko, badala ya kuchukua katikati ya mstari. Nimelijaribu. Goti lilipona, lakini makalio yakavimba pembeni kana kwamba amekalia puto, na kifundo cha mkono, ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote, kikafura. Nimelizima.

Njia iliyonifaa ni mfupa wa usaidizi. Nimeweka mfupa mdogo kwenye goti, nikauamuru uige mzunguko wa muundi kwa nusu tu, kisha vipeo vyote vya pia ya goti nikavipa mfupa huo badala ya kuvigawa nusu kwa nusu. Sasa muundi ukizunguka nyuzi 120, goti lenyewe linazunguka 60 na umbali wake wa sentimita 6 haupungui. Nimefanya vivyo hivyo kwenye viwiko. Kwa nyonga imenibidi nitumie brashi ya uzito kwa saa nne nzima: mbele, kwenye mkunjo wa kinena, mgao wa paja na wa kiuno umebanwa uwe mwembamba ili mkunjo uonekane, nyuma, kwenye makalio, umetandazwa mpana ili nyama ivutike polepole. Mwili uliokuja na programu ulikuwa na upana uleule pande zote mbili, na hapo ndipo mtu anapoonekana amekunjwa kama karatasi.

Tarehe 9 Machi

Umeme umekatika saa mbili usiku, mvua ikiwa haijaanza hata kunyesha. Nakala ya dharura ambayo Blender hujihifadhia kila baada ya dakika 2 imeniokoa. Hata hivyo, kuanzia leo kila hatua inahifadhiwa kwa namba yake, na tayari nimefika ya 14.

Tarehe 13 Machi

Siku tatu zimepotea, na kosa ni langu mwenyewe.

Mfupa wa usaidizi hurudisha umbo la kiungo, lakini hauwezi kuonyesha nyama ikikutana na nyama. Mtu anapoketi chini, msuli wa nyuma wa muundi hugandamizwa na paja, vyote viwili vikatambaa na kutokeza pembeni. Tumbo nalo hupata mikunjo miwili, mmoja chini ya matiti na mmoja chini ya kitovu. Mambo hayo huchongwa kwa mkono. Unamketisha, unachonga ngozi kama inavyopaswa kuwa katika mkao huo, unahifadhi tofauti hiyo kama umbo la kusahihisha, kisha unaliunganisha na pembe ya kiungo ili liingie lenyewe goti linapokunjwa na kutoka linaponyooshwa. Ni lazima kuchonga kukifanyika huku mifupa ikiwa imewashwa na ngozi ikionekana ilivyokunjika, kwa sababu Blender huyakokotoa maumbo haya kabla ya kuipa mifupa zamu yake, na anayechonga akiwa amemsimamisha mtu huwa anabahatisha.

Nilichonga vizuri. Nikaandika kanuni ya kuliendesha: pembe ya goti igawanywe kwa 120. Nikamketisha, na hakuna kilichotokea. Nikafuta, nikachonga upya. Hakuna kitu. Nikashuku wavu, nikashuku toleo la programu, nikashuku kipakatalishi. Jana usiku ndipo nilipoitazama namba yenyewe ikisomeka 0.017 na kukumbuka kwamba programu haipimi pembe kwa nyuzi bali kwa radiani, kipimo kingine cha pembe. Nyuzi 120 ni radiani 2.094, na 2.094 ikigawanywa kwa 120 haibaki kitu cha kuonekana. Umbo langu lilikuwa likiingia kila mara, ila kwa chini ya asilimia 2.

Kanuni mpya huanza kufanya kazi goti likipita nyuzi 60, kwa kuwa kabla ya hapo nyama haijagusana: pembe, toa 1.047, kisha gawanya kwa 1.047, na matokeo nimeyafungia yasishuke chini ya 0 wala kupita 1. Pembe yenyewe sikuisoma kwenye mhimili wa mfupa, maana mifupa hii huzungushwa kwa kwaternioni na namba ya mhimili mmoja haimaanishi pembe. Nimesoma tofauti ya mzunguko kati ya paja na muundi. Sasa anaketi na kuinuka, na mkunjo unakuja na kwenda kama pumzi.

Tarehe 16 Machi, Jumapili

Shangazi amekuja baada ya kanisa, nikamwonyesha. Hakutazama magoti niliyoyahangaikia. Alitazama mikono.

“Mwanangu, huyu samaki atamtoroka,” alisema.

Nilikuwa nimempa Mama Mbuta samaki kwa kumfunga vidole vyote vitano kwenye kiwiliwili, kama mtu aliyeshika chupa. Shangazi alichukua ngege, yaani perege, aliyekuwa jikoni kwetu akanionyesha: kidole gumba cha mkono wa kushoto huingia ndani ya matamvua, vidole viwili hukaza kichwa kwa nje, na viwili vya mwisho havifanyi kazi yoyote, vimelegea. Kisu hutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume cha magamba, na kinachosukuma ni kifundo cha mkono wala si bega.

Kumpa kidole gumba mkao huo kumefichua kosa la msingi. Kidole gumba cha binadamu hakikunjwi kama vingine; kiungo chake cha chini kabisa, kilicho karibu na kifundo cha mkono, hukizungusha kielekee vidole wenzake. Mfupa wa gumba katika kiunzi changu ulikuwa umelazwa sambamba na kiganja, hivyo kila nilipokikunja kiliingia ndani ya kiganja badala ya kukivuka. Nimeuzungusha mfupa huo kwenye mhimili wake hadi ukucha ukatazama upande badala ya juu, na kitako cha kidole, ile nyama ya chini, kimepewa umbo lake la kusahihisha. Samaki sasa ameshikwa. Vidole viwili vya mwisho nimeviacha vilegee kwa pembe tofauti, na ajabu ni kwamba hivyo viwili visivyofanya kazi ndivyo vinavyomfanya aonekane mzoefu.

Tarehe 21 Machi

Ngozi, na jua lake.

Ngozi iliyokuja na mwili ilikuwa kahawia moja kutoka utosini hadi kwenye nyayo, viganja vikiwemo. Viganja na nyayo zina melanini kidogo, ile rangi asilia ya ngozi, kwa hiyo huwa na rangi nyepesi, na mistari ya viganja ndiyo inayobaki na weusi. Nimezipaka upya kwa mkono, pamoja na vifundo vya vidole, ambavyo huwa vyeusi zaidi kuliko vidole vyenyewe, kingo za midomo na eneo la chini ya macho. Weupe wa macho nimeupunguza na kuutia umanjano kidogo. Macho meupe kama sahani ni ya mwanasesere.

Mafundisho mengi ya ngozi yanayopatikana yanahangaikia mwanga unaopenya na kutoka ukiwa mwekundu, kama unavyoonekana kwenye masikio ya mtu mweupe aliyelipa jua kisogo. Jambo hilo lipo kwa watu wote, lakini melanini hukaa kwenye tabaka la juu na kuunyonya mwanga mwingi kabla haujarudi, hivyo kwa ngozi nyeusi sehemu kubwa ya kinachoonekana ni kile kinachoakisiwa juu ya ngozi yenyewe. Kiasi hicho cha juu hakijali rangi: kwa kiwango cha mpindo wa mwanga cha 1.4, ambacho hutumiwa kwa ngozi, ni takribani asilimia 2.8 ya mwanga unaoipiga moja kwa moja. Juu ya ngozi angavu asilimia hiyo hupotea. Juu ya ngozi ya Mama Mbuta ndiyo inayochora shavu, paji na mfupa wa pua. Kwa hiyo nimepunguza muda wa kuchezea upenyaji na kuutumia kwenye ramani ya ukavu na ung'avu: paji la uso na pua vina mafuta, mashavu yana jasho kidogo, viwiko na magoti ni makavu, mikono imelowa hadi nusu ya kigasha. Nilipomaliza, niliiondoa kabisa ramani ya rangi ili nijaribu, na bado alitambulika.

Jua nimeliweka lilipo. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta na wiki hii jua linapita juu ya utosi, ila si saa sita kamili, kwa sababu saa ya Kenya hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki ilhali Kisumu iko karibu na 35. Hapa hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo. Nilitoka nje wakati huo nikajitazama kwenye kioo cha gari la jirani: macho yamezama kwenye kivuli cha nyusi, pua imeangusha kivuli juu ya mdomo. Hakuna sura inayopendeza katika mwanga huo. Kwa hiyo nimemweka chini ya mwavuli mkubwa, kama wauzaji wenyewe wanavyofanya, na mwanga mwingi unamjia kutoka chini, kwenye mchanga na kwenye maji ya beseni.

Tarehe 26 Machi

Leso ina sentimita 150 kwa 110. Nimeitengeneza kwa miraba ya sentimita 1, jumla miraba 16,500, na ramani yake ya rangi ina pindo, mji na nafasi ya jina. Jina lenyewe sijaliandika, maana akina mama wa kikundi wanabishana bado, nami si mtu wa kuingilia.

Hesabu ya kwanza iliiacha ikielea juu ya mapaja kwa zaidi ya sentimita 3. Kitambaa kina nafasi yake ya kugusana, ya milimita 15, na mwili una unene wake, wa milimita 20, na vyote viwili hujumlishwa. Nimevishusha hadi milimita 3 kila kimoja na kuongeza hatua za ukokotoaji kutoka 5 hadi 12, jambo lililofanya kipakatalishi kiungurume kama posho mill. Ikalala vizuri alipokuwa amesimama. Alipoketi, ilinaswa kati ya paja na muundi, ikatapika mikunjo pande zote na kulipuka.

Kitambaa kikibanwa na nyuso mbili za mwili kwa pamoja hakina pa kwenda. Dawa yake ni kumtengenezea mwili wa pili usioonekana, mwepesi, unaofuata mifupa ileile lakini wenye miundi na mapaja yaliyokonda kwa sentimita 1 upande wa nyuma, na kuiambia leso igusane na huo badala ya mwili halisi. Anasimama, leso inafungwa, kisha anaketi polepole kwa fremu 60, yaani picha 60 za filamu. Imeshika.

Tarehe 30 Machi

Hadi jana kazi yote niliifanya nusu kwa nusu, upande mmoja ukiakisi mwingine, kwa kuwa uzito na maumbo ya kusahihisha huwa rahisi kuyatunza hivyo. Leo nimeuvunja ulinganifu huo katika umbo moja la mwisho ambalo linaweza kuzimwa: jicho la kulia dogo kidogo, bega la kushoto limeshuka, pua imeinama kwa kiasi ambacho hakuna atakayekiona lakini ambacho kikiondolewa kila mtu anahisi. Uso wake wa kawaida si ule mtulivu wa programu. Mtu aliyekaa miaka mingi mbele ya ziwa linalomeremeta hukunja macho hata akiwa kivulini, kwa hiyo nimemwachia robo ya misuli inayopandisha mashavu na kukaza kope, ile ambayo wanasaikolojia Ekman na Friesen waliipa namba 6 na 7 katika mfumo wao wa 1978 wa kuorodhesha mienendo ya uso. Tabasamu linahitaji namba 6 hiyohiyo pamoja na 12, inayovuta pembe za mdomo; nilipojaribu 12 peke yake alionekana kama karani anayekuomba urudi kesho.

Jioni shangazi amekuja tena. Alimtazama akiketi, akishika samaki, akipara kutoka mkiani. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akacheka alipoona vidole viwili vilivyolegea. Kisha akaniomba nirudie pale mwanzo anapokaa.

“Hajavuta leso,” alisema.

Akaketi mwenyewe kwenye kigoda cha mpishi kunionyesha: kabla beseni halijawekwa, mikono yote miwili hukusanya leso katikati na kuisukuma chini kati ya mapaja, mara moja, bila kuitazama. Mama Mbuta alikuwa ameketi mbele ya ufuo mzima bila kufanya hivyo.

Kesho nakokotoa kitambaa upya kuanzia fremu ya 40, safari hii mikono ikiwa ndani yake.